Hablé, hablaba, he hablado: uchague upi?

Kila anayejifunza Kihispania huifikia siku hii. Wakati uliopo ameshauzoea, anajitambulisha bila kigugumizi, anauliza bei, kisha anataka kumsimulia mtu jambo la jana. Hapo anakuta maneno matatu yanamngoja: hablé, hablaba, he hablado. Akifungua kamusi, yote ni "kuzungumza" kwa wakati uliopita. Akimuuliza mwalimu, anapewa orodha ya kukariri: ukiona ayer (jana) weka hili, ukiona siempre (daima) weka lile. Orodha hizo husaidia katika zoezi la kujaza mapengo. Kwenye mazungumzo zinamwacha mtu mikono mitupu, kwa sababu watu wakisimulia hawatangulizi ayer kwenye kila sentensi.

Nimejifunza lugha hii na nimewafundisha wenzangu wanaosema Kiswahili, na neno langu ni moja: kipimo tunacho tayari mdomoni. Kiambishi -ka- kinakupeleka moja kwa moja kwenye hablé. Muundo wa "alikuwa aki-" unakupeleka kwenye hablaba. Kiambishi -me- kinakufikisha karibu na he hablado, ingawa si nyakati zote. Kinachotusumbua ni -li-, na hicho nitakaa nacho kwa muda.

Kwanza majina, maana yanachanganya watu bure. Hablé huitwa pretérito. Katika baadhi ya vitabu utakuta pretérito indefinido au pretérito perfecto simple, na ni kitu kilekile. Hablaba huitwa imperfecto. He hablado huitwa pretérito perfecto compuesto, nami hapa nitasema perfecto tu. Andrés Bello, mwanasarufi mzaliwa wa Caracas aliyechapisha sarufi yake huko Chile mwaka 1847, aliuita huo wa pili copretérito, na shule za Meksiko zinaliendeleza jina hilo hadi leo. Mimi nalipenda. Hiyo co- ya mwanzoni inasema "pamoja na": tendo lililokuwa likiendelea sambamba na jingine. Jina limebeba nusu ya somo.

Maumbo yakiwekwa pamoja

| Nafsi | Pretérito | Imperfecto | Perfecto |
|---|---|---|---|
| yo (mimi) | hablé, comí | hablaba, comía | he hablado, he comido |
| tú (wewe) | hablaste, comiste | hablabas, comías | has hablado, has comido |
| él, ella, usted (yeye, wewe kwa heshima) | habló, comió | hablaba, comía | ha hablado, ha comido |
| nosotros (sisi) | hablamos, comimos | hablábamos, comíamos | hemos hablado, hemos comido |
| vosotros (nyinyi, Hispania) | hablasteis, comisteis | hablabais, comíais | habéis hablado, habéis comido |
| ellos, ellas, ustedes (wao, nyinyi) | hablaron, comieron | hablaban, comían | han hablado, han comido |

Hablar inawakilisha vitenzi vyote vya kawaida vinavyoishia na -ar. Comer, kula, inawakilisha vya -er, na vya -ir kama vivir vinaifuata herufi kwa herufi katika safu mbili za kwanza: viví, viviste, vivió, vivía, vivías. Kwa hiyo usiruhusu mtu akutishe kwa makundi matatu. Kwa kazi hii ni mawili.

Sisi nafsi tunaiweka mbele: nilizungumza, ulizungumza, alizungumza. Wao wanaiweka nyuma, na wanaibana pamoja na wakati. Katika hablé, ile -é peke yake ndiyo "nili-" yetu nzima. Ndiyo maana msemaji wa Kihispania haoni haja ya kusema yo kila mara, kama sisi tusivyosema "mimi nilizungumza" ila tukitaka kukazia. Katika pretérito kila nafsi ina umbo lake. Katika imperfecto, mimi na yeye tunagawana umbo moja, hablaba, hivyo mara nyingi inabidi useme yo au ella ili msikilizaji asipotee.

Kuna mgongano mwingine. Hablamos ni "tulizungumza" na ni "tunazungumza" pia. Vivimos hali kadhalika. Comer ndiyo iliyonusurika: comemos ni sasa, comimos ni wakati uliopita. Wanaoisema lugha hii hutegemea muktadha, na wewe mwanzoni ongeza neno la wakati tu.

Ulimi wetu na mkazo wa mwisho

Hapa ndipo tunapokosea sisi, na sijaona kitabu cha wageni kinachotuonya. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, bila kuuliza. Ulimi umezoea hivyo tangu utotoni. Sasa tazama habló. Ile alama juu ya o inaamuru mkazo uende mwisho kabisa. Ukiisoma kwa mazoea ya nyumbani, mkazo unarudi nyuma na umesema hablo. Hilo nalo ni neno kamili, na maana yake ni "nazungumza". Umebadilisha wakati na umebadilisha mtu kwa pumzi moja.

Nilimsikiliza mwanafunzi mmoja akisimulia habari za dada yake kwa dakika nzima: trabajo, llego, llamo, espero. Alikusudia trabajó, llegó, llamó, esperó, yaani alifanya kazi, alifika, alipiga simu, alisubiri. Tuliokuwa tukimsikiliza tulielewa kwamba yeye mwenyewe anafanya kazi, anafika, anapiga simu, anasubiri. Kila kitenzi alikuwa amekichagua sawasawa. Mkazo tu ndio uliomwangusha.

Katika vitenzi vya -er na -ir hatari ni ndogo, kwa kuwa como na comió hayafanani hata ukikosea mkazo. Kwa hiyo nguvu zako za mazoezi zielekeze kwenye -ar, nafsi mbili tu: -é na -ó. Soma kwa sauti kwa jozi: compro, compró, llego, llegó, llamo, llamó. Nyosha kidogo ile silabi ya mwisho, hata ukihisi unaizidisha. Nafsi nyingine, hablaste, hablamos, hablaron, zina mkazo palepale tulipozoea.

Imperfecto, kwa upande wa matamshi, ni rafiki yetu: hablaba, comía, vivían, mkazo wote uko pale pa nyumbani. Nafsi ya sisi tu ndiyo inayorudi nyuma zaidi, hablábamos, comíamos. Hii ndiyo sababu wanafunzi wengi wanaosema Kiswahili huikimbilia imperfecto na kuitumia kila mahali. Inateleza mdomoni. Lakini simulizi lenye imperfecto tupu halisogei, na msikilizaji anabaki akingoja jambo litokee.

Kipimo cha -ka-

Chukua kisa kifupi:

Jua lilikuwa likizama. Watoto walikuwa wakicheza uani. Mara mvua ikaanza kunyesha, mama akafungua dirisha, akawaita, wote wakakimbilia ndani.

Kwa Kihispania:

El sol ya bajaba. Los niños jugaban en el patio. De repente empezó a llover, la madre abrió la ventana, los llamó y todos corrieron adentro.

Hesabu. Vitenzi viwili vya "alikuwa aki-" vimekuwa bajaba na jugaban. Vinne vya -ka- vimekuwa empezó, abrió, llamó, corrieron, vyote kwa mfuatano na vyote vya kawaida. Haikuhitajika orodha ya maneno. Sikio lako la Kiswahili lilishachagua kabla hujafika kwenye Kihispania.

Sasa badilisha kimoja. Badala ya corrieron andika corrían: ...los llamó y todos corrían adentro. Mwenye lugha anaposikia hivyo, watoto bado wako njiani, wanakimbia, na anasubiri uongeze kilichotokea wakiwa wanakimbia. Ni kama useme "mama akawaita, na wote walikuwa wakikimbilia ndani", halafu ukanyamaza.

Kanuni ninayowapa watu ni hii: unapotaka kusema kitenzi cha wakati uliopita, kijaribu kimoyomoyo kwa -ka-. Kikikaa, na kisa kikasonga hatua moja mbele, ni pretérito. Kikikataa, na unachotaka ni kupaka rangi ya mandhari au kueleza mazoea, ni imperfecto.

Na -po- nayo? Haiamui kitu. "Nilipofika" ni cuando llegué, "nilipokuwa mtoto" ni cuando era niño. Tazama kitenzi kinachobebwa, si kiambishi.

Pale -li- inapokuficha

Kiambishi -li- kinabeba mizigo ya aina mbili bila kubagua. "Alinunua kitabu" ni tukio. "Alijua Kihispania" ni hali. Vyote vina -li-, na kwetu hakuna tatizo. Kihispania kinavitenga: compró un libro, lakini sabía español. Vivyo hivyo "nyumba ilikuwa na madirisha makubwa" ni la casa tenía ventanas grandes, na "alitaka kuondoka" mara nyingi ni quería salir. Mwenye mazoea ya kutafsiri kila -li- kwa pretérito atakosea katika vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda, kuwa na, kuamini.

Rudisha kipimo cha -ka-, na hapa kinafanya jambo la kupendeza. "Aliingia dukani, akanunua kitabu" imekaa. Jaribu sasa "akajua". Inawezekana kusema "akajua", lakini maana imegeuka: alipata kujua, habari ilimfikia wakati huo. Kihispania kinageuka vilevile. Sabía ni alikuwa anajua. Supo ni akajua, alipata habari. (Saber si kitenzi cha kawaida katika pretérito, ila mfano ni mzuri mno kuuacha.) Conocer ni ya kawaida kabisa: la conocía, nilikuwa namfahamu, la conocí, nilikutana naye mara ya kwanza. Vitabu huliita hili "vitenzi vinavyobadili maana" na kulipa ukurasa mzima wa kukariri. Kwetu si la kukariri. Ni tofauti ya "alijua" na "akajua", ambayo hakuna aliyetufundisha.

Urefu wa muda haupimi kitu

Kosa hili nimelikuta hata kwa watu wenye miaka mitatu ya kusoma: wanadhani jambo la muda mrefu ni imperfecto na la muda mfupi ni pretérito. Sivyo. Bello yuleyule aliishi London kuanzia 1810 hadi 1829. Ni miaka kumi na tisa, na kwa Kihispania unasema: Bello vivió en Londres de 1810 a 1829. Pretérito, kwa sababu kipindi kimefungwa pande zote mbili na unakitazama kizima kutoka nje. Lakini: Bello vivía en Londres cuando se casó, aliishi London alipooa. Hapo umeingia ndani ya miaka ile, huoni mwanzo wala mwisho, na ndani yake likatokea jambo moja, se casó. Mtu yuleyule, mji uleule, miaka ileile.

Idadi nayo hufunga jambo. Lo llamé tres veces, nilimpigia simu mara tatu: zimehesabika, zimekwisha. Lo llamaba todos los días, nilikuwa nikimpigia kila siku: hakuna idadi, ni mazoea.

He hablado, na swali la unakokwenda

Hadi hapa ulinganisho ulikuwa wa watu wawili. Huyu wa tatu anategemea unazungumza na nani. Sehemu kubwa ya Hispania, jambo la leo au la wiki hii, ambayo bado haijaisha, huwekwa kwenye perfecto: esta mañana he desayunado tarde, leo asubuhi nimechelewa kupata kifungua kinywa. Katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini sentensi hiyohiyo ni esta mañana desayuné tarde. Hata ndani ya Hispania, watu wa Galicia, Asturias na Visiwa vya Kanari huegemea desayuné. Hakuna aliyekosea.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, perfecto inavutia kwa sababu inafanana na -me-. Ukikanusha unaona mpango wote ulivyopangika: hakupiga simu, no llamó, alikuwa hapigi simu, no llamaba, hajapiga simu, no ha llamado. Kukanusha ni njia nzuri ya kujua unachokusudia, maana ku- na -ja- hazichanganyiki kamwe. Hata hivyo, "hajafika" ambayo Madrid ni todavía no ha llegado, Buenos Aires utaisikia mara nyingi kama todavía no llegó, na Meksiko kama todavía no llega, kwa wakati uliopo.

Chunga -me- ya hali. "Amelala", ukimaanisha yuko usingizini, ni está dormido, si ha dormido. "Amesimama" na "amekaa" ni hivyohivyo: está de pie, está sentado. Kwa vitenzi vya mkao wa mwili, -me- yetu inaeleza hali ya sasa, na perfecto haiwezi kuibeba.

Jambo jingine la kupima ni usumbufu wa maumbo. Abrir, escribir na volver ni shwari katika pretérito: abrí, escribí, volví. Katika perfecto zinakugeukia: he abierto, he escrito, he vuelto. Tener na estar hufanya kinyume: tuve na estuve ni ya kukariri, he tenido na he estado ni ya kawaida. Imperfecto ndiyo pole kuliko zote. Vitenzi vitatu tu katika lugha nzima ndivyo visivyofuata kanuni: ser, ir na ver.

Tahajia ya nafsi ya kwanza

Vitenzi vinavyoishia na -car, -gar na -zar hubadilika kwa maandishi katika pretérito ya yo peke yake: buscar, busqué, llegar, llegué, empezar, empecé. Wengi huviweka kwenye fungu la vitenzi vikaidi. Mimi nasema ni vya kawaida kuliko vinavyoonekana. Sauti haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni herufi, kwa sababu c mbele ya e haisomwi k, na g mbele ya e haisomwi kama g ya "gari". Herufi inahama ili sauti ibaki. Upande wa z, ni desturi tu ya tahajia yao kutoandika ze.

Leer inapata y kwa nafsi ya tatu: leyó, leyeron. Dormir na pedir zinabadili irabu palepale: durmió, durmieron, pidió, pidieron. Na kuna zawadi: vitenzi vya -ar na -er vinavyokusumbua katika wakati uliopo, pienso, cuento, vuelvo, vingi vinatulia kabisa hapa, pensé, conté, volví.

Uanze na upi

Ukiniuliza, anza na pretérito, ingawa ndiyo yenye mkazo mgumu. Ndiyo inayosogeza kisa, na kwa sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini inafanya pia kazi ambayo Hispania huipa perfecto. Imperfecto ifuate mara moja, wiki ileile ikiwezekana, kwa kuwa umbo lake ni jepesi na bila yake pretérito haina mandhari ya kusimamia.

Anayekwenda kuishi Hispania ajifunze perfecto mapema na asiache umbo la vosotros: hablasteis, comisteis. Anayezungumza na watu wa Amerika ya Kilatini aliache vosotros kwa sasa, hablaron itamtosha kwa "nyinyi" na kwa "wao", na perfecto aitambue tu akiisikia. Anayesoma historia au magazeti aanze na nafsi ya tatu, -ó, -aron, -ió, -ieron, kwa kuwa humo watu wengine ndio wanaotenda. Akikutana na kitabu cha kabla ya 1959 chenye fué na dió kwa alama, asidhani amesoma vibaya: Chuo cha Lugha cha Hispania kiliziondoa alama hizo, na leo ni fue na dio.

Mazoezi yangu ni ya kalamu. Andika kwa Kiswahili mambo kumi uliyofanya jana, la kwanza kwa -li-, yanayofuata yote kwa -ka-. Yageuze kwa Kihispania kwa nafsi ya yo: me levanté, abrí la ventana, preparé el desayuno, salí. Kisha yageuze tena kana kwamba unamsimulia mtu mwingine: se levantó, abrió la ventana, preparó el desayuno, salió. Yasome kwa sauti mbele ya mtu, na umwombe akusimamishe kila mkazo wako unaporudi nyuma.